Gari Lililomleta Okoth

Jumatatu, 3 Machi

Dawa saa moja. Uji bila sukari. Kisha wakanibebea kiti hadi mbele ya banda la gari, nikakaa hapo mpaka jua likanifika miguuni. Miguu bado imevimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki.

Leo naandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kaburi la mdogo wangu Okoth halina mtu ndani. Lile pale mbele, lenye msalaba wa saruji, ambalo mjane wake Nyaketcho hulifagia kila Jumamosi. Sikumleta Okoth nyumbani. Nilileta sanduku.

Nimeandika. Nilidhani mkono ungekataa.

Kinachonisukuma ni barabara inayopanuliwa. Wapimaji walipita hapa Buteba kabla ya Krismasi, wakaupaka ule msalaba alama nyekundu. Kaburi lazima lihamishwe kabla ya Pasaka. Ukoo umeamua Okoth apelekwe Mulanda, walikolala baba na mama yetu. Mwanawe Othieno ni fundi wa bodi za magari Busia, upande wa Kenya. Amefunga gereji yake, amekuja na vyombo vyake vyote kutengeneza pikapu yangu ya zamani. Hataki gari la kukodi.

"Gari lililomleta Baba ndilo litakalompeleka," alisema.

Injini aliifufua mwaka jana. Bodi ndiyo imeoza. Siku bodi itakapokwisha, kaburi litafunguliwa. Na mimi, mkubwa wa ukoo, nitatakiwa kusimama ukingoni nimwite Okoth kwa jina, nimwambie kwamba anahama. Kwetu maiti hahamishwi bila kuambiwa.

Nitamwambia nani?

Jumanne, 4 Machi

Kelele za mashine ya kukatia tangu asubuhi. Othieno ameng'oa fenda zote mbili za juu ya magurudumu na mlango wa kushoto. Chini ya rangi hakuna bati, kuna unga mwekundu. Alipitisha bisibisi kwenye kizingiti cha mlango ikatokea upande wa pili kama inapita kwenye muhogo uliochemshwa.

"Baba Mkubwa, hii si gari," akaniambia. "Hii ni chapati. Kilichokuwa kinaishikilia ni rangi na heshima yako."

Nilicheka. Kifua kikauma.

Vijana wa bodaboda husimama barabarani kumtania. Mmoja alipaza sauti: "Fundi, hii gari unatengeneza ama unazika?"

"Natengeneza kwanza," akajibu bila kuinua kichwa. "Kuzika ni mwisho wa mwezi."

Wakaondoka. Walikuwa hawajui.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeanza kumchelewesha. Naliandika kama lilivyo.

Anatia viraka vizuri. Hukata bati la pipa la mafuta ya kupikia, hulipima kwa kadibodi, hulichomelea kwa nukta nukta ili lisipinde kwa joto, halafu hupaka puti ya kusawazisha na kupiga msasa. Mlango wa kushoto ulikuwa umekwisha saa nne. Nikaomba nisogezwe karibu. Nikafumba macho, nikapitisha kiganja. Mlango ulikuwa sawa. Nikasema kuna bonde.

Hakulihisi. Nikamwambia asugue chaki juu ya puti yote kisha apige msasa kidogo. Chaki itakapobaki ndipo penye bonde. Nilifundisha Kiswahili shule za upande wa Kenya kwa miaka mingi. Chaki hazijaniisha hata leo. Akasugua. Pakabaki alama ndogo nyeupe, ndogo kama ukucha. Hakuna jicho la mtu ambalo lingeona.

Akaukwangua mlango wote, akaanza upya. Akaniambia ahsante. Anadhani nataka gari la baba yake lipendeze.

Mimi ni mtu mbaya. Si neno la kujidhili. Ni maelezo tu.

Jumamosi, 8 Machi

Nyaketcho amefagia kaburi.

Hufagia kwa fagio la vijiti, ameinama, kuanzia kichwani kwenda miguuni, halafu hurudisha mlango wa ua wa miiba alioujenga mwenyewe. Ua ni kwa ajili ya mbuzi. Tangu mwanzo mbuzi wake wamelipenda kaburi lile. Majani hayajawahi kuota juu yake. Watu husema ni kwa sababu ya fagio lake. Katekista aliwahi kumtaja kanisani kama mfano wa mke mwaminifu.

Alikuwa na mimba ya Othieno nilipoleta sanduku. Alikuwa binti mdogo. Wanaume wawili wazuri walimtaka baadaye, mmoja alikuwa na shamba la mpunga. Akasema mume wake yupo pale mbele, anamwona kila akifungua mlango. Wazee walitaka nimrithi mimi. Nikakataa, wakanisifu kwa heshima niliyompa ndugu yangu. Haikuwa heshima. Nisingeweza kulala nyumba moja na macho yale.

Mke wangu alipofariki, Nyaketcho ndiye aliyeanza kunipikia. Amenipikia mpaka leo.

Jumatatu, 10 Machi

Sikutoka. Pumzi fupi. Daktari wa Tororo alisema moyo umechoka na figo zinaufuata. Akanikataza chumvi kabisa. Nyaketcho ananipikia chungu changu peke yangu.

Nilisikia nyundo siku nzima. Anakunja fenda.

Naomba nife kabla ya rangi. Nimeomba hivyo kwa sauti, kwa maneno hayo hayo.

Jumatano, 12 Machi

Sijafa. Basi niandike ilivyokuwa.

Okoth alikuwa akikata miwa upande wa Kenya. Akaumia mguu, kidonda kikaoza, akalazwa katika hospitali ya mji ambao sitautaja, maana mji haukukosa. Habari ilitufikia kupitia kwa dereva wa lori. Mama yetu alikuwa hai, aliishi hapa kwangu. Akaniambia, una gari, kamlete.

Nilikwenda nikakuta amekwisha kufa na kuzikwa. Baraza la mji lilikuwa limemzika pamoja na wengine waliokosa wa kuwachukua. Mlinzi wa makaburi alinionyesha uwanja mzima wa udongo mpya, akasema ni humu, lakini wapi, hajui.

Ndugu zetu Wajaluo wana njia ya jambo kama hili, na sisi tunaijua. Mtu akipotea, huzikwa mwili wa mfano: tunda la mwegea, ule mti tunaouita yago, tunda lake refu na zito kama mkono wa mtu. Wanalipa jina lake, wanalilia, wanalizika. Hakuna aibu ndani yake. Lakini kabla ya tunda kuzikwa, aliyetumwa husimama mbele ya wazee akaeleza mtu alipoteaje. Hatua kwa hatua. Na wazee huuliza.

Sikutaka kuulizwa.

Miaka ile chumvi ilikuwa adimu upande wetu wa Uganda. Wakati wa likizo za shule nilikuwa naivusha kwa pikapu. Nilikuwa na mifuko stoo Busia, upande wa Kenya, ikingoja. Chumvi ya mawe. Nikanunua sanduku kwa seremala, nikalijaza chumvi, nikaizungushia blanketi ili isicheze, nikapigilia misumari mimi mwenyewe. Mpakani maafisa walivua kofia. Hawakufungua.

Halafu mvua ikanyesha. Nilipofika nyumbani sanduku lilikuwa linadondosha maji. Wanawake wakaona, wakaanza kulia kwa sauti ya hofu. Wakasema amekufa vibaya, anayeyuka, asifunguliwe, asipelekwe Mulanda, azikwe hapa hapa, sasa. Yalikuwa maji ya chumvi. Jioni Okoth alikuwa ameshazikwa.

Uongo wangu haukuwa na ustadi. Mvua ndiyo iliyoukamilisha.

Ijumaa, 14 Machi

Fenda zimerudi. Milango imerudi. Chaki haikubakiza alama popote, na sina tena la kulalamikia.

Leo amefika nyuma.

Sakafu ya nyuma nilikuwa nimeifunika mbao wiki ile ile ya mazishi. Niliwaambia watu ni kwa ajili ya kubebea mahindi. Kwa miaka niliyoliendesha mbao hazikutolewa, na nilipostaafu nikaliegesha nazo. Nilimwambia Othieno asijisumbue, aziache, mbao ni nzuri, ni mvule. Akasema hawezi kupaka rangi juu ya uozo. Mwenyewe nilimfundisha wiki iliyopita asipake rangi juu ya kasoro.

Akang'oa mbao moja baada ya nyingine. Akasimama.

Kutu ilikuwa na umbo la sanduku. Mabegani pana, miguuni jembamba. Nje ya mstari bati lilikuwa bado na rangi yake ya kijani. Ndani ya mstari kulikuwa na magamba meusi na mekundu, na matundu ambayo ardhi ilionekana kupitia kwayo.

Akaweka nyundo chini. Kisha akapanda, akapiga magoti, akaweka kiganja pale ambapo kifua kingekuwa. Mtu wa makamo, mikono imejaa grisi.

"Alilala hapa," akasema. "Baba Mkubwa, hajawahi kunigusa. Hii ndiyo mara ya kwanza tunagusana."

Nilipaswa kusema pale pale. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango. Nikasema jua limekuwa kali, wanirudishe ndani.

Jumapili, 16 Machi

Hakutupa kile kipande. Amekikata kwa uangalifu, nje kidogo ya mstari, chote kizima, urefu wa mtu. Hakutumia mashine ya moto asije akaunguza. Alitumia tindo na nyundo ndogo, siku nzima ya jana. Anataka kizikwe Mulanda pamoja na mifupa. Amenunua shuka jeupe la kukifunika.

Baada ya misa alimwita mama yake. Nyaketcho alikitazama kwa muda mrefu. Hakulia. Akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kutu kama anavyokagua sufuria kama limeoshwa. Kisha akaenda kupika.

Wamekiegemeza ukutani kwenye kibaraza, chini ya shuka.

Jumanne, 18 Machi

Othieno amechomelea sakafu mpya. Bati la mapipa mawili. Amepaka rangi ya kwanza, ile ya kijivu. Gari limekuwa kama mzuka, lina umbo lake lote na halina sura.

Mbuzi wamepanda kibarazani. Jana mmoja, leo watatu. Wamelivuta shuka likaanguka, wanakilamba kile kipande. Wanalamba bila kuchoka, ulimi unakwaruza bati, sauti yake naisikia hapa kitandani. Othieno aliwafukuza kwa mpini wa nyundo. "Nyinyi hamna adabu, huyo ni babu yenu." Wakarudi. Akawafukuza. Wakarudi.

Nyaketcho alikuwa mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi. Hakuwafukuza. Alikuwa akiwatazama mbuzi, halafu akageuza shingo akatazama ule ua wa miiba.

Akanitazama mimi kupitia dirishani.

Alhamisi, 20 Machi

Amekuja. Othieno alikuwa amekwenda Busia kuchukua rangi. Aliweka chungu changu mezani, lakini hakutoka. Alivuta kigoda akakaa. Katika miaka yote hii hajawahi kukaa chumbani kwangu.

"Shemeji," akasema, "mbuzi wangu wanalamba nini?"

Nikatazama chungu.

"Mimi nafuga mbuzi tangu utoto. Mbuzi halambi damu. Halambi maji ya maiti. Najua anacholamba mbuzi."

Nikasema, "Chumvi."

"Na pale kaburini?"

"Chumvi."

"Na Okoth?"

Nikamwambia. Sanduku, stoo, mvua, uwanja wa udongo usio na alama. Nilieleza polepole kwa sababu ya pumzi. Mikono yake ilikuwa mapajani, haikusogea. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu.

"Ulimkuta ameshakufa?"

"Ndiyo," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Akasema amefagia chumvi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayejaribu neno geni. Nimefagia chumvi. Kisha akasimama, akafunua chungu changu ili kipoe, akasema kwamba yeye hatamwambia mtoto. Nitamwambia mimi, mbele ya wazee, kwa mdomo wangu.

Chakula sikukigusa.

Jumamosi, 22 Machi

Nimesema.

Walikuja wazee watano wa ukoo kutoka Mulanda, wakidhani wameitwa kupanga siku. Niliegemezwa mito. Nilisimulia kama nilivyomsimulia Nyaketcho, kwa mpango ule ule. Mmoja wao, ambaye nilisoma naye, aliuliza nilichelewa siku ngapi. Nikasema barabara ilikuwa mbaya na mpaka ulikuwa mgumu. Ni kweli. Barabara ilikuwa mbaya. Hawakunisukuma zaidi. Mtu anayekufa huulizwa kwa upole. Nilikuwa nimesahau kwamba nayo ni faida.

Othieno alikuwa amesimama mlangoni na rangi kwenye kucha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatoka. Nikasikia shuka linavutwa. Kisha nyundo, ile kubwa. Hakuwa anapiga kifundi. Alikipiga kile kipande kikajikunja, akakigeuza, akakipiga, mpaka kikawa donge. Majirani walikuja kuangalia. Mama yake aliwaambia warudi makwao, mtoto anafanya kazi.

Donge alilitupa shimoni, nyuma ya choo.

Wazee wameamua. Kaburi lifunguliwe, kila mtu aone. Halafu tunda la yago lizikwe Mulanda kwa jina la Okoth, kama ilivyopaswa mwanzo. Mkubwa wao aliniwekea mkono begani. Akasema nilikuwa kijana, nilimwogopea mama yetu, na kwamba nimefanya vizuri kutokwenda na jambo hili kaburini. Wengine wakaitikia.

Nilipokea.

Jumanne, 25 Machi

Othieno hasemi nami. Haniiti Baba Mkubwa wala Mzee. Akipita karibu na kiti changu hupita kama mtu anayepita karibu na kisiki.

Lakini anamaliza kazi. Nilidhani angeliacha. Amepuliza rangi ya kijani, ile ile ya zamani, ameitafuta Busia mpaka akaipata. Aliziba madirisha kwa magazeti, akamwaga maji chini kuzuia vumbi, akangoja upepo utulie. Mkono wa kwanza, mkono wa pili. Hakuna tone lililotiririka.

Kijana wa bodaboda mmoja alisimama. "Fundi, sasa hii gari imekuwa bibi harusi."

Othieno akaendelea kubandua magazeti. Yule kijana akanitazama mimi, akawasha pikipiki yake.

Leo hakunisogezea kiti nikaguse. Ningemwambia ukweli: hakuna bonde popote.

Jumamosi, 29 Machi

Nimechoka. Nitaandika machache.

Wamefungua kaburi asubuhi. Walinibeba na kiti. Chini kulikuwa na udongo mweupe mweupe, mgumu kama saruji, misumari iliyooza, na kipande cha blanketi. Hakuna jino, hakuna mfupa. Mchimbaji alionja udongo kwa ncha ya ulimi, akatema. Hakuna aliyelia. Ilikuwa kama watu wamekuja kutazama ajali iliyokwisha kuondolewa.

Tunda la yago lilikuwa limeletwa kutoka bondeni, refu, la kijivu. Nyaketcho alilifunga kwenye shati la Okoth. Nilikuwa sijui kama alikuwa na shati lake. Alikuwa amelitunza miaka yote hii.

Nilitakiwa kumwita. Wakanigeuza kiti nitazame mashariki, upande wa Kenya, kwa kuwa huko ndiko aliko. Nikamwita. Okoth, njoo, gari liko tayari, twende nyumbani. Wazee walinifundisha maneno hayo. Sikuweza kuyasema mara ya pili, wakadhani ni pumzi.

Nyaketcho alikaa nyuma ya pikapu na tunda mapajani, juu ya bati jipya. Othieno aliendesha. Mimi niliwekwa mbele, karibu naye. Penye mashimo alipunguza mwendo kabisa, akitazama kioo kuona mama yake kama ametulia.

Tulizika saa nane. Mvua ilingoja.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Dawa. Sijainuka tangu Jumapili. Mwandiko wangu umeharibika, ningempa mwanafunzi sifuri.

Pikapu iko bandani. Nimeambiwa Othieno amerudi Busia kwa basi na funguo amemwachia mama yake.

Pale mbele wamefukia shimo. Ua wa miiba umetolewa. Mbuzi wako juu yake mchana kutwa, hakuna anayewafukuza.

Nyaketcho ameleta uji mwenyewe. Amenishika kichwa ili ninywe. Alikaa kidogo kwenye kigoda kile kile, akitazama mvua. Kisha akasema kwamba kuna jambo moja linampa usingizi sasa. Kwamba angalau Okoth alikufa kabla sijafika. Hakufa akiningoja.

Nikasema ndiyo.

Akanifunika miguu, akatoka.

Okoth alikuwa hai. Nilimkuta ameruhusiwa, amelala kwenye benchi nje ya lango la hospitali, kiatu kimoja mguuni na cha pili mkononi. Alicheka aliponiona. Nilikuwa nimepitia kwanza kununua chumvi, na nyuma ya gari kulikuwa kumejaa. Aliniomba niteremshe mifuko miwili tu apate pa kulala. Ile ilikuwa safari yangu ya kwanza. Nilipofika makaburini ilikuwa safari ya pili, wiki moja baadaye.

Mifuko ilikuwa mizito na jua lilikuwa linazama. Nilimwambia kesho.